Nani Aliyafanya Mazoezi

Mzee Udongo aliingia chumba cha kompyuta kabla ya wenzake wote, akachagua kiti cha pembeni kabisa karibu na ukuta, akakaa amekunja mikono kama mtu aliyekuja kusimamia mtihani. Aliwahi kwa sababu moja tu: asionekane akipapasa viti. Wahadhiri walipoanza kuingia kila mmoja alimsalimia, naye akawaitikia kwa idara zao. "Karibu, hesabu." "Aa, bustani, hujambo mama." Sauti zao alizijua zote. Mtu anayekuitikia vizuri hivyo, utamshuku nini?

Mafunzo yalikuwa ya lazima. Waraka wa utawala ulisema kila mhadhiri ajifunze kufundisha kwa mtandao, amalize mazoezi yote, apate cheti. Asiye na cheti mwishoni mwa muhula hatapangiwa darasa, na asiyepangiwa darasa hatapewa mkataba mpya. Wengine walinung'unika kwenye korido kwamba wamezeeka, kwamba umeme wenyewe unakatika kila siku. Mzee Udongo hakunung'unika. Alikuwa amekwisha kustaafu, akabakizwa kwa mkataba wa mwaka kwa mwaka. Aliishi nyumba ya chuo, na binti yake wa mwisho alikuwa anasoma bure hapohapo kwa kuwa ni mtoto wa mfanyakazi. Mtu wa namna hiyo hujikaza na kunyamaza.

Mkufunzi alikuwa kijana wa kitengo cha teknolojia, zamani mwanafunzi wa Mzee Udongo mwenyewe. Wahadhiri walimbandika jina la Kishikwambi kwa sababu hakuonekana popote bila kompyuta hiyo bapa kwapani.

"Sasa tufungue madarasa yetu," Kishikwambi alisema. "Kitufe cha kijani, juu upande wa kulia. Kila mtu abofye."

Vipanya vikalia huku na huku. Mzee Udongo naye akabofya. Mbele yake palikuwa na mwanga mweupe uliotandaa, basi.

"Mzee wangu," Kishikwambi alisema kwa upole akiwa nyuma ya kiti chake, "hapo umebofya nembo ya chuo."

"Naipenda nembo ya chuo."

Chumba kikacheka.

"Kijani, mzee. Kile cha kijani."

"Kijana, mimi nimefundisha udongo maisha yangu yote. Mwekundu naujua, mweusi naujua. Wa kijani sijawahi kukutana nao."

Wakacheka tena, na Kishikwambi akacheka nao, akamshika mkono na kumbofyea mwenyewe. Hivyo ndivyo mzee alivyopita siku ile, kwa mzaha. Kila alipoitwa alitoa utani, na kila utani ulipoisha alikuwa amesaidiwa kama mtoto anayefungwa vifungo vya shati. Mwenzake wa hesabu alimnong'oneza jirani yake, bila kupunguza sauti ya kutosha, kwamba wazee wengine wangeachia tu nafasi wapumzike. Mzee Udongo alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akifuata ukingo wa barabara ya lami kwa unyayo, shati limeloa mgongoni.

*

"Hata kitufe kimoja?" mkewe aliuliza.

"Hata kimoja."

Mkewe alikuwa akimdondoshea dawa ya matone. Alimshika kidevu, akakiinua, tone moja huku, tone moja huku. Presha ya macho ilikuwa imelichukua jicho la kushoto zamani, na la kulia lilibakiza tundu dogo la mwanga ambalo nalo lilikuwa linazibika. Daktari aliyejua alikuwa mji mwingine, kwa makusudi. Hapa chuoni hakuna aliyejua ila wao watatu wa nyumba hiyo.

Walikuwa wamelificha jambo hilo kwa ufundi wa ajabu, na mtu akitaka kuwalaumu awalaumu, lakini kwanza ajue ulikuwa ufundi. Ukumbi wa mihadhara mzee aliujua kwa hatua. Mihadhara aliijua kwa moyo. Udongo wenyewe aliufundisha kwa vidole tangu ujana wake: unalowesha kidogo, unausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ukikwaruza ni mchanga, ukinata ni mfinyanzi. Wanafunzi walidhani anafumba macho kwa sababu ya mapenzi ya kazi. Na karatasi za mitihani alisahihisha na mkewe. Mkewe, aliyewahi kuwa mpiga chapa wa chuo, alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, mume akiwa amelala kwenye kochi akigutuka na kusema, "Mpe nusu. Huyo amebahatisha." Mwandiko wa mume kwa kalamu nyekundu aliuiga mpaka ukawa wake.

"Nipe neno lako la siri," mkewe alisema.

"La nini?"

"La kuingilia kwenye hayo mazoezi. Si wamesema mtu anaweza kuyafanyia nyumbani?"

Matone yalikuwa yakimchuruzika mashavuni, mzee akayafuta kwa kiganja.

"Hiyo siyo kusoma karatasi," alisema. "Hayo ni mazoezi yangu. Napimwa mimi."

"Sasa nani amesema hupimwi wewe? Utakuwa umekaa hapa. Utasema, mimi nitabofya."

Binti yao alikuwa mlangoni, begi bado begani. Alikuwa mwaka wa mwisho, amebakiza muhula mmoja, na hakuwa na tabia ya kuzunguka mbuyu.

"Baba, wewe si uko kwenye kamati ya nidhamu ya mitihani?"

"Niko."

"Yule kaka wa uhandisi aliyefanyiwa mtihani na ndugu yake, mlimfanya nini?"

Kijana huyo alikuwa amefukuzwa, na aliyesema afukuzwe bila kuongeza mjadala alikuwa Mzee Udongo.

"Ada yako ya muhula wa mwisho utailipa kwa nini?" mama yake akamuuliza, bila hasira. "Kwa maneno hayo? Haya. Nenda kaweke maji jikoni."

Binti akaenda. Mzee akataja neno lake la siri, herufi moja moja, kama mtu anayetapika.

*

Zoezi la kwanza walilifanya kwa shida, na la pili wakagombana. Mke alibofya pasipo na kitu, akafuta walichokwisha kuandika, akalia kidogo kwa siri, akaanza upya. Bando liliisha katikati ya zoezi la tatu, ikabidi binti aazime kwa rafiki. Lakini kufikia la tano mke alikuwa ameshaacha kuuliza. Alikuwa anapika, anafuta mikono kwenye kanga, anaketi, anapachika picha za matabaka ya udongo, anatengeneza jaribio fupi lenye majibu manne manne, anarudi jikoni kugeuza chakula.

Mwanzoni mume alisema na yeye akaandika. Baadaye mume alisema nusu na yeye akamalizia. Kulikuwa na sehemu ya majadiliano ambamo wahadhiri waliandikiana, na humo mke aliandika peke yake, mchana, mume akiwa darasani. Mhadhiri wa bustani alilalamika kwamba wanafunzi wanazima kamera na kulala. Mke akamjibu kwamba wengine hawalali, wanaona aibu ya chumba wanachokaa. Ukiwaruhusu waandike tu, utawaona wanaamka. Jibu hilo lilisifiwa na watu wengi. Kishikwambi aliandika chini yake: "Haya ndiyo mambo, mzee wangu! Hiki ndicho tunachokitafuta."

Mke alilisoma hilo mara nyingi. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia, maana hata mumewe hakumwambia. Tangu walipofunga chumba cha wapiga chapa na kuwarudisha nyumbani, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba alichokiandika kinatafutwa. Ni furaha ndogo, na ilikuja kuwagharimu vibaya.

Mkuu wa idara alipiga simu wakati wa chakula cha mchana. Mzee alimweka kwenye spika, kama kawaida yake.

"Profesa! Umetufunga midomo. Hapa kila mtu anakusema wewe. Kumbe ule mzaha wote chumba cha kompyuta ulikuwa unatuchezea?"

"Ah, najaribu tu."

"Unajaribu! Umepata alama za juu kuliko kitivo kizima. Sasa sikiliza. Utawala unakuja Jumatatu ukumbini kuona mafunzo yamefikia wapi, na wanataka mhadhiri mmoja aoneshe darasa la mtandao mbele ya wote. Nimekutaja wewe."

Mkewe aliweka kijiko chini.

"Watu wenye umri wangu..." mzee alianza.

"Ndiyo sababu hiyohiyo! Wakiona mzee anaweza, vijana watajitetea vipi? Na mkataba wako nitaupitisha palepale, wino haujakauka. Msalimie shemeji."

Simu ikakatika.

"Ungekosea," mzee alisema.

"Nini?"

"Ungekosea hata mawili matatu! Nani alikuambia uwe wa kwanza? Nilitaka cheti. Cheti tu! Wewe ukataka sifa."

"Uliniambia tufaulu."

"Kufaulu, siyo kuwashinda watu wote! Mwenye akili timamu anayetaka kujificha anakaa katikati. Mimi nimekaa katikati miaka yote hii, halafu wewe kwa wiki chache..."

"Mimi sikujua katikati ni wapi," mkewe alisema. "Nilikuwa nafanya vizuri, basi. Nilidhani nafanya vizuri."

Alisimama akaondoa sahani ya mume, ingawa bado ilikuwa na chakula, na mume hakujua mpaka aliponyoosha mkono na kugusa meza tupu.

*

Walipatana kwa sababu hapakuwa na muda wa kununa. Mke alikuwa na wazo, na kusema kweli halikuwa wazo baya. Kipanya hakifai kwa asiyeona, lakini kibodi ina safu, na vidole vya mzee vilikuwa vidole vya kuaminika. Alikata vipande vidogo vya plasta ya kidonda, akavibandika kwenye vitufe vichache. Ukibonyeza hiki unashuka ngazi moja. Ukishuka mara nne uko penye kufungua darasa. Mara mbili tena, uko penye kuonesha picha. Walirudia wiki nzima, mzee akisema kwa midomo kama mtu anayesali, mkewe akimgonga begani akikosea.

"Shuka, shuka, shuka, shuka, ingia. Nimeingia?"

"Umeingia."

"Picha."

"Umeweka. Imekaa sawa kabisa."

Jumapili mchana alifungua darasa lote toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Binti yao, ambaye alikuwa ameapa kutojihusisha, aliketi na simu yake chumbani akajifanya mwanafunzi, akaandika swali, na mama akalisoma, na baba akalijibu. Walicheka wote watatu. Mzee alisimama katikati ya sebule akauliza kwa kujigamba ni nani mwingine anataka kufundishwa. Kwa muda ule mfupi waliamini kwamba jambo hilo linawezekana, na wala hawakuwa wajinga kuamini.

*

Jumatatu mke alimvalisha koti, akabeba begi lenye kompyuta, wakaenda pamoja hadi mlango wa ukumbi, mkono wake chini ya kiwiko cha mumewe, kama wanandoa wanaopendana.

"Mama, samahani," dada wa mapokezi alisema. "Ndani ni wahadhiri na utawala tu."

"Namwekea kompyuta, halafu natoka."

"Hatatumia ya kwake, mama. Kuna ya ukumbini, imeshaunganishwa na projekta."

Mke na mume hawakutazamana, maana kutazamana kwao kulikuwa kumekwisha siku nyingi. Mkono wake tu ulikaza. Vile vipande vya plasta vilikuwa ndani ya begi.

"Sehemu ni zilezile," alimnong'oneza. "Kibodi zote ni sawa. Hesabu."

Mkuu wa idara akamchukua kwa mkono mwingine, kwa bashasha, akampandisha jukwaani. Mke alibaki nje chini ya dirisha lililofunguliwa.

Kishikwambi alikuwa na kipaza sauti. Alikaribisha wageni, akamsifia mwalimu wake wa zamani mpaka watu wakapiga makofi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi:

"Na leo tuna bahati. Mfumo wetu umeboreshwa usiku wa kuamkia leo. Vitufe vyote vimepangwa upya, sasa ni rahisi zaidi. Profesa atakuwa wa kwanza kutuonesha sura mpya!"

Chini ya dirisha mke aliweka begi ardhini.

Mzee Udongo aliketi. Alitafuta kibodi, akaipata. Alishuka mara nne, akaingia. Ukumbi ukangoja. Hakuna aliyemwambia kitu, akadhani ameingia. Akashuka mara mbili, akaingia tena, akainua uso akatabasamu kuelekea wanakokaa watu.

"Hapa," alisema kwa sauti yake nzuri ya mihadhara, "mnaona matabaka ya udongo. Juu ni jeusi, lenye rutuba. Chini yake linaanza kuwa jekundu."

Ukutani, mahali ambapo projekta ilimulika, palikuwa na ukurasa wa kubadili lugha ya mfumo. Watu walitazamana. Mmoja akaguna. Kicheko kikaanza nyuma, upande wa hesabu.

"Mwalimu," Kishikwambi alisema pembeni, "bado hujafungua. Rudi mwanzo. Kitufe kimehamia kushoto."

Mzee alirudi. Alishuka, akapanda, akaingia. Kicheko kikaongezeka.

"Kipo hapohapo mbele yako, mwalimu."

"Sioni," mzee alisema.

"Hata sisi huku nyuma hatuoni!" mtu alipaza sauti. "Punguzeni hizo taa!" Watu wakacheka, wakipenda kweli mzaha wa Mzee Udongo, na mtu akaenda akazima taa za mbele.

"Nimesema sioni," mzee alirudia, na safari hii hakukuwa na mzaha hata chembe. "Sikuoni wewe kijana. Siuoni ukuta. Sijui hata kama mmezima taa au hamjazima."

Lilikuwa jambo ambalo angeweza kulisema miaka mingi iliyopita, kwenye ofisi yenye mlango uliofungwa, akiwa amekunywa chai. Alilisema pale, mbele ya watu wote, gizani.

Kiti kikasogea kwenye safu ya utawala. Mwanamama mmoja aliyekuja kukagua mafunzo aliuliza kwa sauti tulivu, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa:

"Basi yale mazoezi yalifanywa na nani?"

Si tangu lini huoni, wala si unaumwa nini. Mzee alifungua mdomo. Alikuwa amekwisha kuamua atasema ni yeye, kwa njia yoyote, wamfanye watakavyo. Lakini mkewe alikuwa ameshapita mlangoni, dada wa mapokezi akimvuta kanga.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyeyafanya. Yote."

*

Mkuu wa idara aliwapokea ofisini kesho yake. Alisimama, akawavutia viti, akamwita mke "mama". Miaka yote alikuwa amemwita shemeji.

"Kwa nini hukuniambia, Profesa? Mimi na wewe tumetoka mbali. Ungeniambia tungekusaidia."

"Yule wa maktaba aliyepooza mkono mlimsaidiaje?"

Mkuu wa idara alisogeza vitu mezani. Mtu wa maktaba alikuwa ameondolewa mwezi uleule alipopooza.

"Hali ni hii," alisema. "Likiandikwa kama ugonjwa, kuna bodi ya madaktari, kuna fidia, kuna safari ndefu. Utawala hautaki safari hiyo. Wao wanaliona hili kama udanganyifu. Mtu mwingine kufanya kazi inayopimwa kwa jina lako. Wewe mwenyewe unaijua adhabu yake. Umeisaini mara ngapi?"

"Mara nyingi," mzee alisema.

"Basi nimewaomba sana, na wamekubali ujiuzulu mwenyewe. Kwa hiari. Jina lako linabaki safi. Nyumba mtaikabidhi mwisho wa mwezi."

"Na mtoto?" mke aliuliza.

"Nafuu ya ada ni ya watoto wa wafanyakazi, mama."

"Amebakiza muhula mmoja."

"Najua."

Alisukuma karatasi mezani. Mke aliichukua akaanza kuisoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, kama alivyosoma karatasi za wanafunzi. Mkuu wa idara alimwambia hakuna haja, ni barua ya kawaida tu. Aliendelea kusoma. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba mhadhiri ameamua kupumzika ili awe karibu na familia yake, mzee alitoa pumzi puani, karibu na kucheka.

"Naweka wapi saini?"

Mkuu wa idara, kwa haraka ya kusaidia, alizunguka meza, akamshika mkono na kuuweka kwenye mstari. Aliuacha mkono wake juu ya mkono wa mzee mpaka saini ikaisha. Kwenye korido mke alitoa leso, akaufuta mkono ule wa mumewe, akaufuta tena, na mzee akamwacha aufute.

*

Binti hakulia. Alikwenda mwenyewe kuahirisha masomo, akarudi, akaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Walikuwa wamepata vyumba viwili kwa ndugu wa mke, mbali na chuo, na ndugu huyo alikuwa ameshauliza mara mbili kwamba ni kwa muda gani hasa. Mzee alishinda kochini akiwazuia tu kwa kutaka kusaidia. Hakumlaumu mkewe tena kwa neno lolote, na ukimya huo ulimuuma mke kuliko yale maneno ya mezani.

Alhamisi asubuhi simu ya mke ililia. Aliyepiga alikuwa kiongozi wa darasa la mwaka wa pili.

"Mama, shikamoo. Samahani. Kwenye mfumo inaonesha tuna Profesa leo. Tumeshaingia, tunamngoja. Atafundisha?"

Mke alimtazama mumewe. Mume alikuwa amesikia.

"Hawajaniondoa kwenye ratiba?"

"Inaelekea wamesahau."

Mzee akauliza koti lake liko kwenye boksi lipi.

Waliweka kompyuta juu ya boksi la masufuria. Mke alifungua darasa. Sasa alivijua vitufe vipya. Nyuso na majina vikajaa kwenye kioo, na salamu zikamiminika. Mzee alikaa wima, akasema kwamba leo watazungumzia tabaka gumu linalojengeka chini ya shamba linalolimwa kina kilekile kila mwaka, na kabla ya hapo kuna jambo moja.

"Mimi sioni. Maswali yenu atakuwa ananisomea mke wangu. Yuko hapa kando yangu. Yeye ndiye aliyesoma karatasi zenu zote."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliandika, "Karibu mama," na mke akashindwa kulisoma kwa sauti.

Alifundisha vizuri. Mhadhiri anayeujua udongo hivyo hahitaji picha, na aliwaeleza jinsi maji yanavyofika kwenye tabaka lile yakakosa pa kwenda, jinsi mizizi inavyoligonga na kugeukia pembeni, jinsi mkulima anavyolaumu mvua kumbe tatizo liko chini ya jembe lake. Mke alisoma maswali kwa sauti, bila kunong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza asinong'one.

Katikati ya sentensi nyuso zikatoweka. Kioo kikawa cheupe, na maneno mafupi yakatokea katikati: akaunti hii imesitishwa, wasiliana na msimamizi. Ofisi fulani ilikuwa imekumbuka.

Mzee alikuwa anaendelea. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, ukionesha mzizi unavyokunja.

Binti alisimama mlangoni na boksi la vitabu mikononi. Aliona kioo, akamtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa mara moja. Binti akaweka boksi chini polepole, lisitoe sauti.

"Nadhani hapo pamekaa sawa," mzee alisema. "Kuna swali?"

Mke alitazama kioo cheupe. Miaka yote ile ya karatasi na kalamu nyekundu alikuwa amesoma majibu mabaya ya wanafunzi, na kuna kosa moja walilirudia kila mtihani, mwaka hata mwaka, hadi yeye mwenyewe alikuwa akiwasikitikia. Alisafisha koo.

"Kuna mmoja anauliza. Anasema, si tabaka hilo lingelainika lenyewe tu mvua zikinyesha nyingi?"

Uso wa mzee ukachangamka. Alisogea mbele kwenye kochi.

"Sikilizeni swali hilo! Hilo ndilo linawaangusha kila mwaka. Nani huyo?"

"Hajaandika jina."

"Mwambie ameuliza vizuri. Mwambie asiogope." Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akasugua vidole kana kwamba kuna udongo. Kisha akasita. "Wamo wangapi sasa? Mtandao haujawakata?"

"Wamejaa," mkewe alisema. "Endelea."